Tiba ya homoni baada ya kukoma hedhi: Marekani imeondoa onyo, mwenye fibroidi Kengeja afuate lipi?

Tarehe 10 Novemba 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba inaanza kuondoa onyo kali lililokuwa likichapishwa ndani ya kisanduku cha mstari mweusi kwenye dawa za homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi. Onyo hilo lilidumu zaidi ya miaka 20 na liliwatia hofu wagonjwa na madaktari karibu dunia nzima. Habari za namna hii hazichelewi kufika Pemba. Ndugu aliyeko Muscat au London anatuma sauti kwa WhatsApp, sauti inapita simu kumi, na ikifika Kengeja imeshakuwa fupi: dawa ya kukoma hedhi haina madhara tena.

Kwa mwanamke mwenye uvimbe kwenye kizazi, ule unaoitwa fibroidi, ufupi huo ni hatari. Maonyo yanayoondolewa yanahusu maradhi ya moyo na mishipa ya damu, saratani ya matiti na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Fibroidi haikuwemo. Na katika tangazo hilo hilo FDA ilisema lipo onyo moja ambalo haitaliondoa: lile la saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi kwa mwanamke mwenye kizazi anayetumia estrojeni peke yake. Mwenye fibroidi ambaye hajafanyiwa operesheni ya kutoa kizazi anaguswa moja kwa moja na onyo hilo lililobaki.

Uvimbe unaolishwa na homoni

Fibroidi ni uvimbe unaoota kwenye misuli ya kizazi. Si saratani, na ni nadra sana kukuta saratani imejificha ndani yake. Unaweza kuwa mdogo kama punje ya mbaazi au mkubwa kama nazi, ukawa mmoja au mingi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, ambao uliwapima wanawake kwa altrasaundi, ulikadiria kuwa wakifika umri wa miaka 50 zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 wenye asili ya Afrika wanakuwa wamewahi kuota fibroidi. Kwa wanawake weupe walikuwa karibu 70. Wengi wao hawajui kama wanayo kwa sababu haiwasumbui.

Anayesumbuliwa anajijua. Hedhi inakuja nzito, yenye mabonge, siku nane au kumi. Tumbo la chini linajaa, mkojo unabana kila saa. Kwa mwanamke anayeshinda baharini kwenye mwani au anayebeba karafuu juani, damu nyingi kila mwezi inaishia kwenye upungufu wa damu, kizunguzungu na kuhema kwa kazi ndogo tu.

Uvimbe huu unaishi kwa homoni mbili za mwanamke, estrojeni na projesteroni. Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55, homoni hizo hushuka na fibroidi huanza kunywea. Ndiyo maana madaktari wengi humwambia mama wa miaka 48 asiyesumbuliwa sana asubiri, asikimbilie operesheni. Ni ushauri wa maana.

Tatizo ni kwamba kushuka huko huko kwa homoni ndiko kunakoleta mafukuto: joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku linalolowesha shuka, usingizi kukatika, ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa liwe maumivu. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, katika matokeo yaliyotolewa 2015, ulikuta mafukuto hudumu zaidi ya miaka 7 kwa wastani, na kwa wanawake weusi yalikaribia miaka 10 au kuzidi kidogo. Kwa hiyo kumwambia mtu avumilie yatapita, ni kumwambia avumilie muda wa mtoto kuanza na kumaliza skuli ya msingi.

Hapa kwetu mwari alikuwa na somo wake wa kumfundisha hedhi inapoanza. Inapokwisha hakuna somo anayekuja. Mwanamke anabaki kuuliza mawifi na mashoga, na jibu analopata linategemea yaliyomkuta aliyeulizwa.

Tiba ya homoni, kwa maneno machache, ni kuurudishia mwili sehemu ya estrojeni iliyopungua, kwa vidonge, kwa jeli ya kupaka au kwa plasta ya kubandika kwenye ngozi. Hapo mwenye fibroidi anakwama. Kinachotuliza mafukuto ndicho kile kile kilichokuwa kikiulisha uvimbe.

Hofu ilitoka wapi

Dawa hizi si ngeni. Premarin, iliyotengenezwa kwa mkojo wa farasi wenye mimba, iliruhusiwa Marekani mwaka 1942. (Leo estrojeni nyingi hutengenezwa kutokana na mimea, jambo ambalo wengi wa wasikilizaji wetu watapenda kulijua kabla ya kuuliza dukani.) Kwa miongo kadhaa wanawake walipewa estrojeni peke yake. Mwaka 1975 tafiti zikaonyesha kwamba waliokuwa na kizazi na wakatumia estrojeni peke yake walipata zaidi saratani ya ukuta wa kizazi. Dawa ilikuwa inaunenepesha ukuta huo bila kitu cha kuuzuia. Tangu hapo mwenye kizazi huongezewa dawa ya aina ya projesteroni ili kuulinda.

Mwaka 2002 ukaja mshtuko mwingine. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliotumia homoni zote mbili walipata saratani ya matiti 38, na waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata 30. Kiharusi kilikuwa 29 kwa 21. Kuvunjika nyonga, kwa upande wa pili, kulipungua: 10 kwa 15. Magazeti yalibeba upande wa hatari, madaktari wakaacha kuandika dawa, na FDA ikaweka kisanduku cheusi.

Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamekoma hedhi miaka mingi nyuma. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa anayeanza tiba kabla ya kufika miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu kukoma hedhi, hesabu yake ya faida na hatari ni nzuri zaidi. Hoja hiyo ndiyo FDA imeifuata sasa, na kwa hapo ina msingi. Lakini wapo wataalamu waliosema kuwa viongozi waliotangaza uamuzi huo walizidisha sifa za dawa, hasa walipozungumzia kinga ya moyo na ya kumbukumbu. Tunakubaliana nao. Onyo lililotisha kupita kiasi halirekebishwi kwa sifa iliyopita kiasi.

Je, mwenye fibroidi anaweza kuitumia?

Anaweza, na wengi duniani wanaitumia. Kuwa na fibroidi peke yake hakumzuii mwanamke kupata tiba ya homoni. Kinachoweza kutokea ni kwamba uvimbe usinywee kama ambavyo ungenywea, au ukue kidogo. Kwa wengi ukuaji huo ni mdogo na hauleti dalili mpya. Dozi za tiba hii ni ndogo kuliko homoni ambazo mwili wenyewe ulikuwa ukitoa siku za ujana, na ni ndogo pia kuliko zile za vidonge vya uzazi wa mpango.

Tuseme mama wa miaka 52, hedhi imekoma mwaka na nusu, ana fibroidi ndogo ndogo upande wa nje wa kizazi zisizomuuma, na mafukuto yanamwamsha mara nne kila usiku. Huyu ana nafasi nzuri ya kutumia tiba, kwa dozi ndogo inayotosha, na kurudi kupimwa baada ya miezi kadhaa. Sasa mbadilishe kidogo: fibroidi imeota kwa ndani, inasukumia kwenye uwazi wa kizazi. Aina hii ndiyo inayotoa damu kwa urahisi, na homoni zinaweza kuichokoza. Daktari anaweza kutaka uvimbe utolewe kwanza, au kupendekeza njia isiyo na homoni. Wote wawili wana fibroidi, lakini majibu yao hayafanani. Ndiyo maana jibu la shoga yako haliwezi kuwa lako.

Projesteroni nayo huilisha fibroidi, na jambo hili mara nyingi husahauliwa. Mwenye kizazi hawezi kuiacha akabaki na estrojeni peke yake, lakini aina, kiwango na mpangilio wake vinaweza kubadilishwa. Wengine huwekewa kitanzi chenye homoni, ambacho huulinda ukuta wa kizazi kwa kutoa dawa pale pale na mara nyingi hupunguza damu. Hata hivyo, kama uvimbe umepinda uwazi wa kizazi, kitanzi huenda kisikae vizuri.

Anayesumbuliwa na ukavu wa ukeni tu yuko katika hali nyepesi zaidi. Krimu au vidonge vya kuweka ukeni vyenye estrojeni kidogo hufanya kazi pale pale, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Kuogopa krimu hiyo kwa sababu ya fibroidi ni kujinyima bure.

Wapo ambao tiba hii si yao hata kama hawana fibroidi: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo, mwenye ugonjwa mkali wa ini. Presha iliyo juu lazima ishushwe kwanza. Dawa inayopita kwenye ngozi, yaani jeli au plasta, ina hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko kidonge, na hilo linafaa kuulizwa na mwenye mwili mkubwa au mwenye ndugu waliowahi kuganda damu.

Damu inayorudi baada ya mwaka

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii. Mwanamke akikaa miezi 12 bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone moja, hata kama ana fibroidi iliyopimwa zamani, hapaswi kuandikiwa homoni kabla ya kujulikana damu hiyo imetoka wapi. Kila mwongozo wa tiba hii unasema hivyo, na tangazo la FDA halikulibadilisha hilo.

Sababu ni hii. Katika kila wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 hukutwa na saratani ya ukuta wa kizazi. Wengi waliobaki wana sababu nyepesi, lakini hakuna ajuaye yumo kundi gani kabla ya kupimwa. Ongeza saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ambayo nayo hujionyesha kwa damu isiyo na mpango. Mwenye fibroidi anaingia kwenye mtego kwa sababu tayari ana maelezo mkononi: ni ule uvimbe wangu. Kumbe fibroidi baada ya hedhi kukoma inatakiwa inywee. Ikianza kukua kwa kasi, wala mtu hatumii homoni, hiyo ni sababu nyingine ya kwenda hospitali haraka.

Wanawake wengi wa Pemba hulipeleka swali la damu kwanza kwenye dini: ni hedhi au istihadha, nisali au nisisali, nifunge au nile. Swali hilo ni halali na lina wenyewe wa kulijibu. Lakini kuambiwa ni istihadha kunakuonyesha namna ya kufanya ibada, hakukwambii damu inatoka wapi. Jibu la shehe na jibu la daktari yanahitajika yote mawili, na la kwanza lisichelewesha la pili. Anayeanza tiba ya homoni pia amuulize daktari mapema kama mpangilio aliopewa utamletea damu kila mwezi, maana ipo mipangilio inayoleta na mingine isiyoleta. Matone ya hapa na pale katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo ni ya kawaida. Yakiendelea baada ya hapo, au damu ikiwa nzito, arudi.

Na kabla ya hedhi kukoma kabisa, damu nyingi ya umri wa miaka 47 au 48 isiitwe damu inayoaga. Mabonge na kuloa kila saa ni ugonjwa wenye dawa.

Kutoka Kengeja hadi Mkoani

Tiba ya homoni kwa mwenye fibroidi inahitaji mambo matatu: kupimwa kabla, dawa inayopatikana kila mwezi, na kupimwa tena baadaye. Mjadala wa Marekani unahusu hilo la katikati. Kijijini yanayokwamisha ni lile la kwanza na la tatu.

Kituo cha afya kinaweza kupima presha, kuangalia wingi wa damu, kusikiliza dalili na kuandika rufaa. Kuonekana kwa fibroidi na unene wa ukuta wa kizazi kunataka altrasaundi na mtu anayejua kuisoma. Kwa wakaazi wa kusini mwa Pemba safari ya kawaida ni Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, ambako madaktari wa Kichina hufanya kazi pamoja na wenzao wa Zanzibar. Timu za China zimekuwa zikija visiwani tangu 1964. Likihitajika kuchukuliwa kipande cha ukuta wa kizazi na kupelekwa maabara, mgonjwa aulize mapema kipande kinapelekwa wapi, majibu yanachukua siku ngapi na yatamfikiaje. Wapo watakaolazimika kupanda boti kwenda Unguja.

Matibabu katika hospitali za serikali Zanzibar yamejengwa juu ya sera ya bila malipo iliyokuja baada ya Mapinduzi ya 1964, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, ulianza kazi 2023 kwa kuanzia na watumishi wa umma. Lakini nauli haimo humo, siku ya kazi iliyopotea haimo, na dawa isiyokuwepo stoo mgonjwa huandikiwa akanunue. Anayefikiria kuanza tiba afanye hesabu ya mwaka mzima, siyo ya boksi la kwanza. Kuanza miezi miwili na kuacha kwa kukosa pesa huyarudisha mafukuto, na uchunguzi wa kufuatilia uvimbe unakuwa haujafanyika.

Dawa zinazoletwa na ndugu kutoka Omani au Ulaya zinatutia wasiwasi zaidi kuliko bei. Dada anamtumia mdogo wake jeli anayoitumia mwenyewe. Nia ni njema. Lakini inawezekana dada alishatolewa kizazi, ndiyo maana anatumia estrojeni peke yake, na mdogo ana kizazi chake pamoja na fibroidi. Hapo ndipo onyo lile ambalo FDA imeliacha linapofanya kazi. Ukipokea dawa ya namna hiyo, usianze. Ichukue ilivyo na boksi lake umwonyeshe daktari.

Vile vile vidonge vya majira na sindano ya uzazi wa mpango si tiba ya kukoma hedhi, japo vyote vina homoni. Vidonge vyenye estrojeni vina kiwango kikubwa, na kwa mwanamke wa miaka 50 mwenye presha vinaweza kumletea kiharusi. Sindano ina projestini peke yake.

Aliyekwisha kutolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi ana swali moja la kuuliza, na wengi hawakuambiwa siku ya operesheni: je, vifuko vya mayai navyo vilitolewa? Kama vilitolewa na alikuwa hajafika miaka 45, mwili wake uliingia kwenye ukomo wa hedhi kwa siku moja, na mifupa na moyo wake vinahitaji homoni kuliko vya mwenzake wa miaka 55. Huyo ndiye mwanamke ambaye hofu ya 2002 ilimdhulumu kuliko wote, maana uvimbe haupo tena, kizazi hakipo, na bado aliambiwa dawa ni hatari.

Kwa yule ambaye homoni hazimfai, zipo njia nyingine. Baadhi ya dawa za sonona, kwa dozi ndogo, hupunguza mafukuto, na kuna dawa mpya zisizo na homoni zilizoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 2023, ingawa bei yake ni kubwa na huenda ini likatakiwa kupimwa. Dawa za mitishamba zinazouzwa kwa jina la kusafisha kizazi au kuyeyusha uvimbe hazina ushahidi wa kuiyeyusha fibroidi, na zingine humchelewesha mwenye saratani hadi operesheni isiweze kumsaidia.

Siku ya kwenda hospitali, mwambie daktari mwezi na mwaka wa hedhi ya mwisho, umri ulipoota uvimbe kwa mara ya kwanza, na kila damu uliyoiona tangu hedhi ikome. Chukua picha za altrasaundi za zamani hata kama zimechakaa, kwa sababu bila kipimo cha kwanza hakuna wa kujua baadaye kama uvimbe umekua. Omba pia kipimo cha siki cha mlango wa kizazi kama hujawahi kufanyiwa. Ukiona haya kusema mbele ya daktari mwanamume, omba muuguzi mwanamke awepo chumbani. Ni haki yako, na ombi hilo si geni kwao.